Laini ya Congo Ndani ya Ruta Yako

Rehema mwanangu,

Sitakuuliza hujambo, maana chai ya asubuhi tumekunywa pamoja na nimekuona kwa macho yangu. Sasa umeenda saluni kusukwa, umesema utarudi kabla ya magharibi. Mimi nimeshaswali alasiri, nimekaa kwenye meza yako, hapo hapo ulipokuwa unafanyia kazi. Begi lako liko kitandani, zipu imefungwa nusu. Naandika ndani ya daftari lako kwa sababu mdomo wangu nimeujaribu siku tisa na umekataa kufunguka.

Naandika Kiswahili. Kinubi chetu hakuna mtu alinifundisha kukiandika, na Kiingereza changu ni cha kuuzia vitenge tu. Kiswahili hiki nilikipata kwenye kambi ya jeshi ya baba yangu, halafu nikakinyoosha kwa redio, kwa hiyo ukiona nimepinda mahali, nyoosha mwenyewe unaposoma.

Habari za kula vizuri, kuswali na kuchagua marafiki sitaandika. Hayo nimekuambia tangu ulipoanza kutembea, wewe umechoka kuyasikia na mimi nimechoka kuyasema. Nina jambo moja tu, nalo ni hili: siku ile kampuni yako ilipoona umeingia kwenye kituo chao kutoka Congo, ni mimi. Si mwizi, si wale wahuni wa mtandaoni uliowalaani, wala mashine yao haikukosea. Ni mimi mama yako.

Haya, nimeliandika. Kesho alfajiri unapanda basi, na kesho kutwa utakaa mbele ya yule bwana wa Kampala akuulize tena ni nani ulimpa mlango wa kazi yao. Utaapa tena kwamba hakuna mtu aliyegusa kitu. Utakuwa unaapa juu ya uongo bila kujua, na uongo wenyewe ni wangu. Siwezi kukuacha upande basi hivyo.

Ngoja nikueleze, ingawa walahi mpaka sasa sijui kama nimeelewa vizuri nilichofanya. Kichwa changu kwenye mambo haya kinazunguka tu.

Unakumbuka ulipoanza kazi hii? Ulileta ile kompyuta na kile kisanduku cha ruta kutoka Arua, umevikumbatia kwenye gari njia nzima kama mtoto mchanga. Nikakuuliza kazi yenyewe ni nini. Ukanionyesha kwenye kioo picha ya simu, ukaigusa, ikafunguka. Ukasema, "Mama, hii simu iko Kampala. Iko ndani ya kituo cha majaribio, kwa rafu, pamoja na zingine mingi. Mimi niko nafinya kutoka hapa, naona kama inafanya kazi vizuri au iko na shida."

Nikakuuliza, "Na mwenye simu anajua unamfinyia?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mwenyewe ni kampuni, Mama!"

Halafu ukanieleza ile njia. Ukasema simu zile haziko wazi kwa kila mtu, kuna njia inaitwa VPN, inapita ndani ya mtandao wa watu wote lakini imefunikwa, na anayepita humo ni mtu wa kampuni tu. Kila asubuhi unatia neno lako la siri, halafu unatia na namba inayobadilika badilika kwenye simu yako, ndipo mlango unafunguka. Mimi nikasema, "Kumbe ni njia ya panya!" Maana VPN nilikuwa nimeisikia sokoni, vijana wanafungulia mitandao iliyofungwa, nami nikaona ni magendo kama ya sukari na mafuta yanayopita porini hapa mpakani. Ukakasirika. Ukaniambia hii siyo ya kukwepa askari, hii ni ya kuonyesha kitambulisho kila siku, na kila unapopita wanaandika umepita saa ngapi na kutoka wapi.

Kutoka wapi. Maneno hayo uliyasema, Rehema. Niliyasikia yakapita.

Sasa ile Jumanne. Mvua ilikuwa imenyesha, na network ikawa inakuja, inapotea. Ulikuwa na ripoti ya kupeleka kabla ya saa sita, na miezi yako mitatu ya kuangaliwa ilikuwa inaishia wiki ile. Nilikusikia unapiga meza. Wewe hujawahi kupiga meza katika maisha yako. Ukasema, "Mama, leo wananifukuza," ukachukua simu ukatoka kwenda kwa jirani kuona kama kwao network iko.

Nikabaki na kile kisanduku, taa yake nyekundu. Na nikafanya kile ambacho kila mtu wa Koboko angefanya. Hapa kwetu laini moja ikianguka, unatia nyingine. Mimi natembea na mbili, ya Uganda na ya Congo, kwa sababu nusu ya wateja wangu wa vitenge wako ng'ambo, na mtu akiondoka hapa asubuhi kwa mguu, kabla jua halijawa kali ameshafika kwao. Siku ile laini ya Congo ilikuwa imejaa network. Nikatoa pini ya hijabu, nikageuza ruta, nikaitoa laini yako, nikatia yangu. Taa ikawa kijani.

Nikarudi jikoni kwenye mkate wangu wa kisra, kimya, nacheka peke yangu. Wewe ukarudi, ukatia neno lako na namba yako, na nikakusikia unapiga kelele, "Mama! Imerudi! Alhamdulillahi!" Nikajibu kutoka jikoni kwamba Mungu ni mkubwa. Ah, mwanangu, nilifurahi siku ile! Nilijiona mama wa maana. Nilitaka nikuambie wakati wa chakula cha jioni, unicheke kidogo, useme kumbe Mama naye ni fundi. Lakini mchana ulipolala nikarudisha laini yako mahali pake, kwa sababu wateja walikuwa wananitafuta kwa ile yangu, na jioni ulikuwa umechoka, macho yamevimba. Nikasema nitamwambia kesho.

Kesho yake mlango wa kampuni ulikuwa umefungwa. Ulisoma barua yao kwenye kioo, halafu ukageuka ukaniuliza, "Mama, kuna mutu alishika hii vitu yangu?"

Nami nikasema, "Nani atashika? Mimi najua nini na mashine zako?"

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza siku zote hizi. Wakati ule sikujua habari ya Congo. Nilidhani nimeiharibu ruta kwa pini, nikaona uso wako, nikaogopa. Nilifikiri jioni kitakuwa kimepona chenyewe, na hutahitaji kujua. Nilisema haraka, na lilipokuwa limetoka sikujua namna ya kulirudisha.

Halafu yule bwana akapiga, ile simu ya kuonana uso. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, na wewe hukuniona. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Akakuambia neno la siri lilikuwa sawa, namba ilikuwa sawa, lakini kwa muda wa saa tatu ulikuwa umeingia kutoka nchi nyingine. Ukasema hapana, ulikuwa hapa, nyumbani Koboko, kwenye meza hii. Akakuuliza, "Una ndugu Congo?" Na wewe kwa ukweli wako ukasema ndiyo, mama mdogo ameolewa huko. Akaandika kitu. Nikajua ni ile laini, ingawa sikujua imefanyaje. Nilitakiwa nitoke tu kupitia pazia lile, hatua mbili, niseme, "Bwana, ni mimi." Sikutoka. Nilirudi jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku ya pili nilienda kwa Taban, yule fundi wa simu wa pale sokoni. Nikamuuliza kwa mafumbo, eti kuna mteja wangu. Akanisikiliza, akasema, "Mama Rehema, ruta iko Koboko, sawa. Lakini laini ya Congo inatoka na barabara ya Congo. Mutu ya Kampala hapana ona meza, anaona barabara."

Nikamwambia, "Lakini mtoto alikuwa amekaa hapa! Chini ya bati hili hili! Mtu atakuwaje Congo na kisra ya moto iko mbele yake?"

Akasema, "Ndiyo hivyo." Akaendelea kuchoma waya wake.

Ndiyo hivyo! Mimi nimerudi nyumbani na hilo "ndiyo hivyo" kichwani, nikatazama meza, nikatazama ruta, nikatoka nje nikatazama upande wa Congo ambako naona vilima. Sijaelewa. Mtu mzima ninayevuka mpaka kila wiki na mafurushi, nikampeleka mtoto wangu ng'ambo bila yeye kuinuka kwenye kiti. Ukielewa wewe, utanieleza siku ukiwa na moyo wa kunieleza.

Lakini kunyamaza kwangu ninakuelewa, na hapo ndipo nataka unisikilize, si kwa kunihurumia.

Nilikuwa na miaka saba hivi tulipokimbilia Congo, jeshi la baba zetu liliposhindwa. Hilo unalijua. Usilolijua ni la kizuizini. Kulikuwa na askari barabarani wanauliza kila mtu anatoka wapi, na watu wetu, watoto wa wanajeshi, walikuwa wanatolewa kando. Haboba wako, mama yangu, alinishika mkono hapa kwenye kifundo mpaka ukauma. Akaniambia, "Wakiuliza, wewe hapana jibu. Nyamaza. Mimi nitasema." Askari akainama mbele yangu. "We mutoto, unatoka wapi?" Nikamtazama. Akauliza tena. Nikamtazama. Mara ya tatu haboba akasema, "Iko kiziwi huyu." Wakatuacha tukapita.

Basi tangu siku ile, njia nzima, kila kizuizi, mimi nikawa kiziwi. Na tulipofika, jamaa wote wakanisifu. Wakawa wanasema kwenye mikusanyiko, huyu mtoto alituokoa kwa kufunga mdomo wake. Nilikua nikisifiwa hivyo. Hakuna mtu aliyeniambia siku gani ya kuacha.

Tulirudi, nikaolewa, nikakuzaa, na bado mtu mwenye karatasi mkononi akiniuliza swali, mimi masikio yanaziba. Unakumbuka ile shule ya Arua uliyoitaka sana, ya kusaidiwa karo? Nilikuambia nafasi zimejaa. Hazikuwa zimejaa, Rehema. Yule mtu aliyekuwa anapokea fomu alisoma jina letu akasema, "Nyinyi si watu wa Sudan? Unaweza kuonyesha mtoto anatoka wapi?" Cheti chako cha kuzaliwa kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilikishika kwa vidole, humo ndani. Sikukitoa. Nikachukua fomu nikaondoka, na wewe ulikuwa umeningoja nje chini ya ukuta na sare ya kuazima, umejipaka mafuta mpaka unang'aa. Nikakuambia zimejaa. Ulilia hadi tunafika Koboko, na mimi nilikufuta machozi kwa mkono ule ule ulioshika cheti.

Hilo sikutaka kuliandika leo. Limetoka lenyewe kwa sababu liko mahali pamoja na hili la ruta.

Sasa ni nini cha kufanya, mimi sijui, na ndiyo maana sikushauri. Nimezunguka hapo mpaka kichwa kimeuma. Ukimwambia yule bwana kwamba mama yako ndiye aliyegusa, atatoa ile karatasi uliyotia sahihi, kwamba mtu mwingine asiguse vyombo vya kazi, na atasema umeivunja. Ukimwambia hakuna aliyegusa, mashine yao inasema Congo, na atasema wewe ni mwongo. Upande huu moto, upande ule moto. Jana niliona afadhali ukweli usemwe, uaminike. Leo asubuhi, ulipokuwa unakunywa chai umeinamisha kichwa, niliona afadhali nisiseme, labda Mungu atafungua. Saa hii naandika. Usinitegemee kwa hesabu hii, mimi naipiga kila mara inatoka jibu jingine.

Najua tu kwamba uliapa ukiwa mkweli. Kila neno ulilomwambia lilikuwa kweli kwa kadiri ulivyojua. Wewe ulikuwa hapa. Mimi ni shahidi wako, na shahidi wako alikuwa amejificha nyuma ya pazia.

Nimekuwekea kitu. Laini yenyewe ya Congo nimeibandika kwa selotepu kwenye ukurasa wa nyuma wa barua hii. Wateja wangu watasema nimepotea, wacha waseme. Na ujumbe wa matumizi ya data ya siku ile uliingia nilipoirudisha kwenye simu yangu, una tarehe na saa, sijaufuta. Taban amesema hiyo inaweza kusaidia, kwa sababu saa zake zitalingana na saa zao. Nilimwambia ukweli jana, kwamba mteja mwenyewe ni mimi. Akasema alijua. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia, na unisamehe kwamba hukuwa wewe.

Wamesema pia ukisafishwa utafanya kazi huko huko ndani ya kituo, kwa sababu hawataki tena mtu wa mbali. Kwa hiyo hata mambo yakiwa mazuri, meza hii itabaki tupu, na aliyeitia utupu ni mimi na pini yangu. Mama wengine wanalia mtoto akiondoka. Mimi nitalia na nitajua pia sababu. Naona uchungu, Rehema. Naona na aibu, na aibu ni kubwa zaidi.

Tena kuna kitu kinanichanganya. Nimefurahi kidogo kwamba utazishika zile simu kwa mkono wako, badala ya kuzifinya kutoka huku. Sijui kama mtu anaruhusiwa kufurahi hapo. Nimeandika tu kwa sababu nimeamua leo kuandika kila kitu.

Nilipoanza barua hii, nilitaka kuitia chini kabisa ya begi, ndani ya ile gurbaba ya haboba ya kujifunga kiunoni, uikute Kampala ukifungua nguo. Nilishapanga. Nilijiona naagana nawe kwenye basi nikipunga mkono, wewe hujui, mimi najua, na barua inasafiri chini ya miguu yako. Halafu nikaisoma tangu juu, nikaona huyu bado ni yule kiziwi wa kizuizini, ila safari hii amejifunza kuandika.

Kwa hiyo siitii begini.

Nasikia geti. Ni wewe, nasikia unamwambia mtu wa boda asante, nasikia ndala zako. Unaita, "Mama, uko wapi?" Umeuliza tena, na bado sijaitika, kwa sababu namalizia mstari huu.

Nakupa mkononi. Nitakaa kwenye kiti cha pili, hapa mbele yako, mpaka ufike mwisho, na sitaenda jikoni. Ukikasirika, kasirika, usiharakishe kunisamehe kwa sababu tu basi ni la alfajiri. Ukitaka nizungumze na yule bwana, mpigie, niweke mbele ya kioo, nitamwambia kwa Kiswahili changu hiki. Ukitaka kwenda peke yako, nitakubali.

Lakini kwanza niulize tena lile swali, kama ulivyoniuliza siku ile, kama kuna mtu alishika vitu vyako. Nitakujibu.

Mama